Alistidia na Baridi ya Nyumba ya Bati

Alistidia alipoolewa Izigo, alihamia kwenye msonge wa mama mkwe wake, nyumba ya nyasi ya mviringo iliyoshuka mpaka chini kama kofia iliyovutwa masikioni. Ndani mlikuwa na giza, moshi, mbuzi wawili, na joto la kuwatosha watu wote pamoja na mbuzi wenyewe. Alikaa humo miaka kumi na mmoja bila kujua kwamba anateseka. Aliyemjulisha ni mumewe.

Mume huyo, Josia Kagaruki, alikuwa mpishi wa mzungu mmoja wa kilimo kule Bukoba mjini, karibu na ziwa. Kwa miaka tisa alipika supu na kunyoosha mashuka, na kila jioni ya masika aliwasha moto kwenye tundu la ukutani sebuleni, kisha akasimama pembeni na sinia huku bwana wake akinyoosha miguu mbele ya moto na kusoma gazeti. Mzungu alipomaliza kazi na kurudi kwao, alimwachia Josia vitu vitatu: koti zito la jeshi, barua ya kumsifu kwamba ni mwaminifu na hanywi pombe, na imani kwamba mtu hajastaarabika mpaka awe na tundu la moto ukutani. Koti lilikuwa na matobo. Barua ililiwa na mchwa. Imani ilibaki nzima.

Ndipo kahawa ikapanda bei. Ilipanda mpaka watu wakakaribia kuiamkia mibuni yao kila asubuhi. Kutoka Bukoba hadi Muleba malori yalikuwa yakipanda vilima na bati na saruji iliyoshushwa bandarini, na nyumba ya nyasi ikawa kama upele: karibu kila mtu alikuwa nayo, wala hakuna aliyependa itajwe mbele ya wageni. Josia naye akatangaza kwamba atajenga. Akachagua mahali pa kujenga, mgongoni mwa kilima, nje kabisa ya kibanja chao cha migomba, uso wa nyumba ukielekea ziwani.

Mama yake, Kokuhirwa, mjane mwenye magoti mabovu na ulimi mzima, alitembea na fimbo yake mpaka pale kwenye vigingi, akatazama huku na huku.

"Josia, mbona unatoka kibanjani? Migomba ndiyo inayovunja upepo."

"Mama, nikijenga katikati ya migomba nani ataiona nyumba?"

"Na hapa ataiona nani?"

"Kila anayepita njia kuu."

"Upepo nao utaiona, mwanangu," alisema Kokuhirwa, akarudi kwake. Msonge wake Josia alitaka kuubomoa, lakini mama alimjibu kwamba abomoe kwanza tumbo lililomzaa, na shauri hilo likaishia hapo.

Fundi alitoka Bukoba. Aliitwa Datius, na alikuja na timazi, futi ya kukunja, na penseli sikioni ambayo hakuna aliyewahi kumwona akiandikia. Josia alimweleza anachotaka, naye akakubali kila kitu, kama mafundi wanavyokubali kabla ya kazi. Madirisha makubwa sita, kwa sababu mzungu alikuwa na sita. Kuta ndefu sana, kwa sababu mzungu alikuwa na kuta ndefu. Dari halikuwekwa, kwa sababu wakati wa dari ulipofika fedha zote zilikuwa zimekwenda kwenye dohani, njia ya kutolea moshi wa lile tundu la moto ukutani. Mbao za madirisha zilipigwa misumari zikiwa mbichi, na zilipokauka zilijikunja, kila ubao ukaenda njia yake kama ndugu waliogombania shamba.

Alistidia aliinua macho akaona kwamba kati ya ukuta na bati, nyumba nzima kuzunguka, kulikuwa na mwanya wa kupita ngumi.

"Fundi, hapo hamjamaliza?"

"Hapo ni pa hewa, mama."

"Na baridi nayo ikitaka kupita hapo?"

Datius alimtazama kwa huruma. "Mama, nimekwambia hapo ni pa hewa. Si pa baridi."

Walihamia mwishoni mwa Februari. Mchungaji alialikwa kuiombea nyumba, na majirani walijaa sebuleni wakitafuna punje za kahawa za kukaribishia wageni na kugusa kuta. Josia aliwasha moto wake ukutani mwenyewe, hakukubali mtu mwingine aguse kiberiti. Moshi ulipanda kidogo, ukaitazama dohani, ukageuka na kurudi sebuleni walikokuwa watu. Mchungaji alianza sala kwa utulivu na kuimaliza kwa kukohoa. Wageni walitoka nje machozi yakiwatiririka, na wale wenye roho nzuri walisema ni machozi ya furaha.

"Moshi bado ni mgeni," alieleza Datius akipangusa macho. "Haujaijua njia. Baada ya wiki utazoea."

Baada ya wiki moshi ulikuwa umezoea kabisa. Ulikijua kila chumba, na sebule ndiyo uliyoipenda kuliko vyote.

Kisha masika yakaja. Mvua ilipoipiga bati, mtu alilazimika kumwomba mwenzake chumvi kwa ishara. Upepo wa ziwa uliingia kwa madirisha sita yaliyofungwa, ukapita kwa Alistidia na watoto wake watatu, ukatokea kwenye mwanya wa fundi upande wa pili bila kuulizwa unakwenda wapi. Sakafu ya saruji ilikuwa baridi kama tumbo la samaki. Watoto waliokuwa wakilala msongeni na shuka moja sasa walikuwa na mablanketi mawili na kikohozi kimoja walichopokezana.

Josia alikuwa na majibu. "Baridi ya nyumba ya bati ni baridi safi," alisema, meno yakigongana. "Haina viroboto."

Alistidia hakubishana. Kila jioni, kazi zilipokwisha, aliwachukua watoto "kumwamkia bibi". Watoto wa Izigo hawajawahi kuwa na adabu kama ile. Waliamkia saa nzima, saa mbili, miguu yao ikiwa imeelekezwa kwenye mafiga, mpaka mdogo akasinzia begani kwa mbuzi. Josia alikataza jambo hilo mara mbili, akiuliza watu watasemaje wakiona familia yenye nyumba ya bati inaota moto kwenye nyasi. Alipoona hasikilizwi, alibaki kwenye sebule yake ndani ya koti la jeshi, kama askari aliyesahauliwa zamuni.

"Mwenye nyumba hajambo?" Kokuhirwa aliuliza kila jioni.

"Hajambo, Ma. Ananyoosha miguu."

"Mbele ya moto?"

"Mbele ya tundu."

Nao walicheka, ingawa Alistidia alicheka kwa nusu ya mdomo, maana ndiye aliyepaswa kurudi kule.

Mwezi wa nne, Josia alishikwa na mafua yaliyoshuka kifuani, na Theopista, binti yao mkubwa wa miaka tisa, akawa nayo pia. Jumamosi moja mchana ilinyesha mvua ya mawe. Ilipopungua, Alistidia aliwapeleka wadogo wawili kwa bibi yao, akashuka kibanjani kuitegemeza migomba iliyoinama na kuokoa mikungu iliyoanguka. Theopista alibaki na baba yake. Alistidia alimwacha akiwa amejikunyata mkekani, akamfunika, akamwambia hatachelewa kurudi.

Yaliyofuata Josia aliyaeleza mwenyewe baadaye, kwa sauti ndogo. Alichoka kutetemeka. Akachukua matambara na magunia, akaziba nyufa za dirisha la chumbani na ule mwanya wa juu. Akafunga mlango, akausukumia gunia chini. Akaleta karai lenye makaa mekundu kutoka jikoni, akaliweka karibu na kitanda, akamwita mtoto aje apate joto. Makaa hayana moshi, alijiambia, na moto usio na moshi unaweza kumfanyia mtu ubaya gani? Alijiona mjanja. Alishangaa kwa nini hakufikiria hivyo tangu Machi.

Alistidia alirudi ameloa, mkungu kichwani. Aliita, kimya. Alitua mkungu barazani, akaita tena. Mlango wa chumba ulikuwa mzito kwa lile gunia, akausukuma kwa bega. Joto likampiga usoni. Kwa mara ya kwanza nyumba ile ilikuwa na joto, na Mungu amsamehe, kitu cha kwanza alichohisi pale mlangoni kilikuwa raha.

Kisha akamwona Theopista. Alikuwa amelala kando ya karai, mdomo wazi, mkono mmoja umeanguka kwenye saruji. Alistidia alimwita jina. Alimtikisa. Kichwa cha mtoto kilikwenda kule alikokisukuma na kubaki huko.

Hakumbuki alivyotoka. Anakumbuka mvua usoni, na uzito wa mtoto, na sauti fulani ya kutisha iliyokuwa ikipiga kelele, ambayo ilikuwa yake. Alimlaza mtoto kifudifudi magotini mwake, akampiga mgongo, akampulizia, akamsugua kifua. Kokuhirwa alitokea migombani akikimbia. Magoti yake hayakukumbushwa kwamba ni mabovu.

"Nani mwingine yumo?"

"Josia."

"Nipe mtoto. Kamvute huyo."

Alistidia alivuta pumzi, akaingia, akamshika mumewe kwenye ukosi wa koti, akamburura sakafuni na vizingitini mpaka nje. Josia alikuwa akinung'unika kwa adabu kubwa, akimwarifu bwana wake wa zamani kwamba supu iko tayari. Alitapika matopeni. Na wakati huohuo, mikononi mwa bibi yake, Theopista alikohoa, akatapika pia, akaanza kulia. Alistidia aliketi chini kwenye maji. Hajawahi kusikia kilio kitamu kama kile, na hata leo akikikumbuka hushika kitu kilicho karibu.

Kokuhirwa aliingia kulitoa karai, akalimwaga uani. Makaa yalilia kwenye mvua.

"Moshi unakutoa nje kabla hujafa," alimwambia mwanawe aliyekuwa bado amejilaza. "Huu moto wako unakaa kimya, unakubembeleza. Uliwahi kuona mtu mwema anayekubembeleza hivyo?"

Josia aliuvuta ukosi wa koti mpaka machoni.

Majirani waliokuja kwa yale makelele walimkuta mtu asiyekunywa pombe amelala matopeni, anatapika, anazungumza na wazungu wasiokuwepo. Kesho yake kanisani aliombewa kwa jina, pamoja na wote wanaosumbuliwa na kinywaji. Kichwa kilimgonga siku nne. Siku hizo zote yeye na familia yake walilala msongeni, na nyumba ya bati ikabaki kilimani peke yake, ikionekana vizuri na kila aliyepita njia kuu.

Siku ya tano Alistidia alimletea uji, akasubiri amalize.

"Baba Theopista, nyumba ni yako."

"Ni yetu."

"Ni yako. Uliichora wewe. Lakini baridi ni yangu, kwa sababu mimi ndiye ninayewalaza watoto. Niachie baridi."

Josia alitazama ndani ya bakuli. "Haya," alisema. "Ila usiharibu sura ya mbele."

Alistidia alianza kwa kumwuliza mama mkwe wake swali ambalo hakuna aliyemwuliza Datius: kwa nini msonge una joto?

"Kwa sababu ni mdogo kuliko majivuno ya mwenyewe," alijibu Kokuhirwa. Halafu akasema kwa upole zaidi, "Mwanangu, huwezi kukipasha moto kilima. Mpashe mtu. Tafuta kona, waweke watu wako pale, uzuie upepo usiwapite."

Kona yenyewe ilikuwepo. Nyuma ya nyumba, upande usioelekea ziwani, palikuwa na chumba kidogo ambacho Josia alikiita ofisi. Kilikuwa na meza, wino uliokauka, na heshima kubwa. Alistidia aliitoa meza. Kisha alipanda ngazi na maganda makavu ya mgomba, akayasokota makamba manene, akayashindilia kwenye mwanya wa fundi upande mzima wa ziwa, na Theopista akampokeza udongo wa kichuguu uliokandwa na kinyesi cha ng'ombe wa kusilibia juu yake. Lakini kile chumba kidogo hakukiziba chote. Juu ya mlango aliacha mwanya wa kiganja kimoja, na chini ya mlango aliacha nafasi ya kupita panya mnene.

"Si ulisema unaziba?" aliuliza Josia, aliyekuwa akisimamia kazi kutoka kwenye kiti.

"Nyumba nayo ivute pumzi. Wewe umeona isipovuta."

Josia alitoka kitini, akamshikia ngazi.

Dari lilitokana na matete ya bondeni, yaliyofungwa kwa kamba za mgomba na kulazwa chini kiasi kwamba mtu mrefu aliligusa kwa kichwa. Josia alisema ni banda la kuku. Alistidia alimjibu kwamba hajawahi kusikia kuku akikohoa. Nyasi kavu zilitandikwa sakafuni kama kule msongeni, nene, mikeka juu yake, na mbugu kuukuu ya Kokuhirwa ikatundikwa dirishani, ile nguo ya gome la mti ambayo Josia alikuwa ameapa haitaonekana kamwe ndani ya nyumba ya bati. Haikuonekana. Ilikuwa nyuma.

Kwa jioni za mvua, aliweka matofali manne katikati ya chumba, nyasi zikiwa zimesogezwa mbali. Jiko liliwashwa uani, likaachwa huko mpaka makaa yote yamekolea na mwali wa buluu umekwisha, ndipo likaletwa juu ya matofali, na mlango ukabaki wazi wakati wote wa kula. Kabla ya sala lilitolewa nje. Sheria hiyo ilikuwa na askari wake. Theopista hakukubali mtu yeyote afumbe macho, hata kwa kumwomba Mungu, kabla hajaliona jiko likivuka kizingiti. Badala ya jiko kila mtu alipewa jiwe lililopashwa mafigani, lenye joto la kuvumilika, limefungwa kwenye kitambaa, akaliweka miguuni. Vitu vyote hivyo vilitoka kibanjani, bondeni na kichuguuni, na hakuna hata kimoja kilichopanda lori.

Josia aliendelea kulala chumba kikubwa, ndani ya koti, kwa ajili ya heshima ya nyumba. Heshima hiyo ilidumu siku sita. Jioni ya saba alikuja na taa, akasimama kwenye mlango wa ofisi yake ya zamani.

"Nimekuja kuangalia kama hilo dari halitawaangukia."

"Karibu uangalie," alisema Alistidia.

Aliangalia akiwa amesimama. Akaona afadhali aangalie akiwa ameketi. Mwishowe alijilaza ili alione dari vizuri, Theopista akampitishia jiwe miguuni, naye akalikagua dari hilo mpaka jogoo wa asubuhi. Akaona kwamba usalama wa familia unahitaji ukaguzi wa kila siku. Alikagua masika yote.

Kikohozi cha watoto kilikwisha kabla ya mvua kwisha. Ile dohani ilizibwa kwa jiwe bapa, na kuku wawili wakagundua kwamba tundu la ukutani sebuleni lilijengwa kwa ajili ya kutagia, jambo ambalo hata mzungu hakulijua.

Nyumba za bati zenye baridi zilikuwa nyingi, na habari haikawii kutembea. Mpaka Juni wageni walikuwa wanakuja kutazama. Josia aliwapokea barazani, akawapitisha haraka sebuleni, akawaonyesha chumba kidogo akitumia fimbo. "Hili niliwaza tangu mwanzo," aliwaambia. "Ila nilitaka kwanza tuijaribu baridi, tuijue tabia yake." Hata Datius alifika, akapima dari la matete kwa futi yake, akauliza ule mwanya juu ya mlango ni wa nini. Alistidia alimwambia ni wa hewa. Fundi aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia lugha ya kwao, na kwa mara ya kwanza akaichukua ile penseli sikioni. Ilikuwa haijachongwa.

Mwezi wa Julai, kaka yake Alistidia, Ishengoma, aliyejenga nyumba kubwa kule Muleba, alileta ujumbe: mke wake amehamia jikoni na harudi nyumbani mpaka upepo utolewe. Tafadhali, shemeji Josia afike, maana sifa zake zimeenea. Josia alivaa viatu. Wakapanda lori la abiria, yeye mbele kwa dereva, Alistidia nyuma na furushi la maganda ya mgomba yaliyosokotwa tayari.

Waume wa Muleba walikusanyika sebuleni kwa Ishengoma, nao walimsikiliza Josia kwa makini akieleza upepo unavyofikiri. Alisimama katikati, akaonyesha juu, akaonyesha chini, akawaonya vikali juu ya makaa, na hapo sauti yake ilibadilika kidogo, ikabidi anywe maji. Watu walisema yule ni mtu mwenye uchungu na wenzake. Nalo hilo lilikuwa kweli.

Kwenye chumba cha nyuma, Alistidia alikuwa juu ya ngazi, mikono imejaa udongo mpaka viwikoni. Wifi yake, Benigna, alikuwa chini akikanda, akisikiliza ile sauti iliyotoka sebuleni.

"Wifi, mume wako aliyajuaje yote haya?"

"Aliyasomea," alisema Alistidia. "Alisoma kwa bidii, nusura afe. Nipe udongo, ule mzito."